Kuni za Mwezi

Watu wa Koboko tulikuwa na mwezi wetu. Redio ya Kampala ilikuwa na wake na iliutangaza ilivyopenda, lakini sisi hatukuwa watu wa kula Idi kwa mdomo wa redio. Idi yetu ilitoka Mlima Liru. Jioni ya ishirini na tisa ya Ramadhani mtu alipanda mpaka kileleni, akatazama magharibi, na akiuona mwezi aliwasha moto juu ya jiwe. Mji mzima ulisimama nje ukitazama mlima. Moto ukiwaka, ngoma zinalia. Usipowaka, tulirudi ndani tumenuna, tukatafuta cha kula daku.

Kwa miaka mingi mpandaji alikuwa jirani yangu Hamuza, fundi cherehani, mtu mwembamba asiyesema sana. Kisha goti lake likakataa. Mwaka wa sabini na sita wakatumwa vijana wawili wenye vifua na maneno. Walifika katikati, kiu ikawashika, wakarudi wakisema juu kuna mawingu. Mawingu gani? Niliwaona kwa macho yangu walivyogombania mtungi. Mwaka uliofuata Hamuza alikwenda msikitini akasema safari hii atapanda Kaltuma.

Kaltuma alikuwa binti yake. Kila alfajiri baada ya sala alikimbia mpaka chini ya Liru na kurudi kabla soko halijajaa. Suruali kwa wanawake serikali ilikuwa imezipiga marufuku, na kaptura Hamuza mwenyewe asingeikubali, basi aliketi kwenye cherehani yake akamshonea gauni la mbio: refu, pana chini, limetiwa vipande pembeni ili mguu upate nafasi, na ushungi umeshonewa kwenye ukosi usije ukaruka. Alipokimbia gauni lile lilijaa upepo, na wazee barazani wakasahau walichokuwa wakisema. Wengine walimkasirikia kwa sababu hiyo tu.

Arua walimjua pia. Siku ya mashindano alikimbia mbio ndefu kutoka Onduparaka kuzunguka mji, akawaacha wasichana wote na wavulana wengi. Thérèse, mama wa Kikongo aliyeuza vitenge sokoni, alimtandikia kitenge kipya akae.

"Mutoto huyu hapana choka?" aliuliza. "Iko mutu ao iko upepo?"

Kaltuma alicheka, lakini njiani kurudi Koboko alimwambia baba yake kwamba mbio za mji hazimkati kiu, zinazunguka tu. Mlima ndio aliotaka. Juu ya mlima, alisema, mwili unakwisha halafu yeye anabaki.

Sheikh Kamisi wa msikiti wetu hakupenda mwanamke atumwe mlimani, ila hakuwa na mtu mwingine wa kufika juu. Alipapasa ndevu mpaka tukachoka kumngoja.

"Haya," alisema. "Ye ni mwanamke, basi wao naenda wawili. Lakini Hamuza, sikia. Kama moto nawaka bure, mwanamke hapana panda tena mlima kwa kazi ya msikiti. Hata kama mimi nakufa, hapana."

"Mimi nasikia, Sheikh," Hamuza akajibu.

Kaltuma alikuwa nje ya dirisha, naye alisikia. Hakuwahi kutaka kitu kama alivyoitaka kazi ile. Taji la Arua angeweza kumpa yeyote, lakini Liru, kwa jina la msikiti, mbele ya mji mzima, hiyo aliitaka iwe yake mpaka uzee.

Wa pili akapatikana Sitina, dada yake Hamuza, muuza kabalagala, vile vitumbua vya ndizi, sokoni, mama mwenye mwili wake na ulimi wake. Sitina hakuwahi kupanda kitu kirefu kuliko lori. Alikubali kwa sababu shangazi ni baba wa kike, na kwa sababu sisi majirani tulicheka.

Walipita kwa Ondoga, mkulima Mkristo anayekaa chini ya mlima, Sitina akamwachia viatu vyake vilivyokuwa vikimuuma. Kaltuma alibeba mgongoni kuni za mwezi: vijiti vikavu vilivyolowekwa mafuta ya taa na kufungwa ndani ya nailoni, ili viwake mara moja hata siku ya mvua. Na mvua ilikuwepo. Ramadhani mwaka ule ilikuwa imeangukia katikati ya masika yetu.

Liru si mlima wa kumtisha mgeni. Hauna theluji. Lakini uupande ukiwa umefunga, bila tone la maji tangu alfajiri, ndipo utajua una mawe mangapi. Katikati ya njia wingu liliwashukia. Mawe yakawa yanatokea mbele yao moja moja, kama wageni wanaoingia bila hodi, kisha yanapotea nyuma. Sauti zao zikawa ndogo. Njaa ilipopitisha ukali wake iligeuka kitu chepesi; Kaltuma alihisi miguu inapanda yenyewe, naye anaifuata bila haraka, na mtu fulani ndani ya wingu anapumua pamoja naye. Hakuogopa. Alidhani ni mlima.

Sitina yeye aliona makaango yakielea pembeni, mafuta yanachemka, kabalagala zinajigeuza zenyewe. Amenisimulia mara nyingi na kila mara makaango yanaongezeka.

"Nyinyi, ngoja magharibi," aliziambia.

Mwenye njaa hana miiko, lakini Sitina siku hiyo alikuwa nayo.

Mvua iliwakuta karibu na kilele, wakafika juu wamelowa chepechepe. Pale juu wingu liliwaachia. Magharibi yote ilikuwa wazi hadi Kongo, nyekundu, halafu manjano, halafu weupe mtupu. Upande wa Koboko mawingu yalipasuka yakaungana tena, na mji ulionekana, ukapotea, ukaonekana. Jua lilizama. Walifungua kwa tende na maji, na maji yale yalishuka ndani ya Kaltuma polepole mpaka vidoleni, akahisi anarudi duniani kutoka mbali.

Kisha akatazama. Alitazama mpaka macho yakatoa machozi. Aliuomba mwezi utoke, aliubembeleza, alimtaja baba yake. Anga ilikuwa safi kama sahani iliyooshwa, na haikuwa na kitu.

"Shangazi, weye naona kitu?"

"Hapana ona. Weye?"

"Mwezi hapana iko."

Alisema hivyo akahisi moyo umetulia. Aliona kwamba kutowasha nako ni kazi, tena kazi ambayo nusu ya mji wasingeiweza. Watashuka, kesho watafunga, na Sheikh atajua ametuma mtu wa kweli. Akageukia kibla kusali magharibi.

Sitina alisali amekaa, miguu ilikuwa imemwisha, akamaliza mapema. Alimwona binti wa kaka yake mbele yake, gauni limemgandama, mabega yanatetemeka kwenye sijida, meno yanagongana katikati ya aya. Pembeni kulikuwa na kuni kavu. Mfukoni mwake kulikuwa na kiberiti. Mwanamke aliyekaa jikoni miaka yote akiona kuni kavu na mtoto wa kwao anatetemeka, mkono hauombi ruhusa. Alitaka kijimoto cha kuotea tu, cha kukausha gauni. Alifungua nailoni, akapiga kiberiti.

Mafuta ya taa hayajui kijimoto. Kaltuma alipotoa salamu upande wa kushoto aliona jiwe lote limekuwa jekundu.

"Shangazi!"

Aliruka akaupiga moto mateke, akaukanyaga, akamwaga maji yaliyobaki. Sitina alikuwa amesimama mikono kichwani, amekwisha kuelewa. Giza likarudi. Walisimama wakisikiliza, na kwa muda hapakuwa na kitu, upepo tu. Halafu, kutoka chini ya mawingu, laini kama ndani ya usingizi, ngoma ya Okuonzi, mpiga ngoma wa msikiti, ilianza kulia. Ya pili ikaitikia. Kisha vigelegele.

Mimi nilikuwa miongoni mwa waliopiga vigelegele. Tulikuwa tumeuona moto, mwekundu, mzuri, umepasua wingu. Hamuza alikuwa wa kwanza kusema Allahu Akbar, na watu walimbeba juujuu na goti lake bovu. Sijapata kumwona anacheka vile. "Binti yangu!" alisema. "Nyinyi naona? Ule binti yangu!" Mwenye bucha alichinja papo hapo.

Juu ya mlima Sitina alimshika Kaltuma mkono.

"Nyamaza," alisema. "Sikia vile watu nafurahi. Nani najua? Mimi na weye tu. Mungu iko na rehema mingi."

"Mungu pia najua, Shangazi."

"Sheikh atakataza weye mlima! Na baba yako je? Weye nataka kupasua roho yake?"

Kaltuma alikuwa analia, na alikuwa anafunga pindo la gauni lake kiunoni.

Walishuka pamoja, Sitina ameshika ushungi wa binti kwa nyuma. Ondoga, aliyeuona moto na kuwasikia wakishuka, aliwapokea na taa ya chemli, na mkewe akaweka maji ya moto kwa miguu ya Sitina. Kaltuma hakukaa. Alishika njia ya mji, akakimbia.

Amewahi kuniambia kuwa mbio zile hazikumbuki vizuri. Njia ilikuwa na maji, na maji yalikuwa na nyota. Ngoma zilikuwa mbele yake, zikimwita kwa furaha, na alikuwa anazikimbilia ili akazizime. Mara nyingine alidhani amesimama na ngoma ndizo zinazomjia. Alitamani njia isiishe. Alitamani kukimbia hivyo mpaka Arua, mpaka ng'ambo ya Arua, na asimwambie mtu kitu. Halafu taa za kwanza zikatokea, na watoto wakapiga kelele, "Kaltuma! Kaltuma naona mwezi!"

Tulimzunguka. Wanawake tulimshika uso, tulimbusu na matope yake. Wale vijana wawili wa mwaka uliopita walimpa mkono. Hamuza alikuwa amesimama mlangoni mwa msikiti, uso wote unang'aa, na binti alimtazama yeye aliposema.

"Mimi hapana ona mwezi."

Tulidhani anatania. Alirudia. Ngoma ya Okuonzi ikafa mkononi mwake.

"Na moto?" Sheikh Kamisi aliuliza. "Nani nawasha?"

"Moto ni yetu, Sheikh. Baridi ilikuwa mingi."

Hakumtaja shangazi yake. Watu walipaza sauti. Mmoja alisema, "Tunatuma mwanamke kutazama mwezi, ye nakwenda kuota moto!" na kicheko chake kilikuwa kibaya. Mwenye bucha aliuliza nyama yake ataipeleka wapi. Nilimtazama Hamuza. Ule mng'ao ulikuwa umeondoka usoni, akawa mzee mbele ya macho yetu. Aligeuka, akachechemea nyumbani peke yake. Ningependa kusema kwamba mtu alimfuata, lakini hakuna aliyemfuata.

Sheikh Kamisi alikuwa mtu mwema, ila alikuwa mwoga wa watu. Alitutazama tulivyochemka, akatazama chini.

"Ngoma nalia kwisha," alisema. "Kila mtu na roho yake. Mwenye naamini moto, kesho nakula. Mwenye naamini huyu binti, nafunga. Na mlima, neno yangu iko pale pale."

Tukatawanyika. Maji yakimwagika hayazoleki, na usiku ule Koboko ilinukia nyama ya Idi nyumba hadi nyumba.

Kaltuma alimkuta baba yake amelala, au amejifanya amelala, amegeukia ukuta. Alikaa jikoni kwenye kigoda na gauni lake bichi. Mlima ulikuwa umekwenda, na baba yake pia, na kama ameusema ukweli kwa mji usioutaka, basi ameusema kwa nani? Alisinzia, akaota anapanda ngazi za mawingu, akazinduka. Saa ya daku ilikuwa inakaribia. Usiku wa Ramadhani saa hiyo Okuonzi hupita na debe lake akituamsha. Alisikiliza. Hakukuwa na debe. Mbwa mmoja alibweka akanyamaza. Basi, aliwaza, mji umeamini moto.

Ndipo aliposikia goti la baba yake likiburuzika sakafuni. Hamuza alitokea mlangoni, macho mekundu.

"Kaltuma," alisema. "Mbona daku hapana iko? Weye nataka mimi nafunga na tumbo wazi?"

Kaltuma alipapasa sufuria, ikamponyoka, ikalia chini. Na kabla mlio haujaisha, mlio mwingine uliitikia kutoka mwisho wa mtaa: debe. Okuonzi alikuwa anakuja, anapiga polepole mwanzoni, kama mtu anayeona haya, kisha kwa nguvu.

"Amka! Amka kula! Mwezi hapana iko!"

Nilifungua dirisha langu. Sheikh Kamisi mwenyewe alikuwa akitembea nyuma ya Okuonzi na taa mkononi, joho lake limelowa umande, akigonga kila mlango. Alipofika kwa Hamuza hakugonga. Alisimama, akainua taa juu kidogo ili wamwone, akaenda zake.

Nikawasha moto jikoni kwangu. Jirani wa pili akawasha, na wa tatu, na mwenye bucha, akitukana, akawasha. Nyama ya Idi tuliila daku, tukanuia kufunga. Ng'ambo ya ua nilimsikia Kaltuma akilia kwa sauti, na Hamuza akimwambia ale upesi, alfajiri inaingia.