Noti Iliyokosa Sikio

Jamani, nyumbani kwetu hapajapoa bado, na nisiposema nitapasuka. Shangazi yangu, fundi cherehani, mwanamke anayening'iniza mkasi shingoni kama wenzake wanavyovaa mkufu, amebakiza kidogo tu aivunje harusi yake kwa ajili ya noti moja. Na aliyepeleka habari mbaya nyumbani ni mimi mwenyewe, mbio, viatu mkononi.

Nianze na bwana harusi. Mtaani wanamwita Kalenda, kwa sababu ana karakana ndogo ya uchapaji nyuma ya soko, na nusu ya kalenda zinazoning'inia kwenye kuta za watu zimetoka kwake. Mtu mpole, kucha zimeshika wino usiotoka. Mimi nilikuwa simpendi. Sababu ya maana sina. Mtu anayecheka kabla hujamaliza kuchekesha huwa simwamini, basi. Na Shangazi alishaumia huko nyuma. Mchumba wake wa kwanza alimvisha pete nzuri kweli, na mke wa yule bwana akaja kuifuata, kwa sababu ilikuwa yake.

Kalenda hakuleta pete. Alileta noti ndani ya bahasha. Alisema alikutana nayo benki, kwenye burungutu jipya, imeharibikia mtamboni huko huko inakochapwa. Pembe moja ya mbele nyeupe pe, picha imeishia njiani, namba nayo haijakamilika. Halafu mgongoni, mahali pasipostahili, kuna kipande cha ile picha kimekaa kichwa chini.

"Haina pacha," alimwambia Shangazi. "Kama wewe."

Shangazi akatembea anaimba nyumba nzima. Mpaka asubuhi moja nikamkuta ameiinua noti dirishani, haimbi.

"Binti wa kaka," akaniita. "Huyu mtu ana mashine ya kuchapa."

"Anayo."

"Na wino anao."

"Mpaka kwenye kucha."

"Sasa hii noti nani kaiharibu? Mtambo wa serikali au mtambo wake?"

Nisiwafiche, nilifurahi. Maana mimi nafanya kazi wapi? Duka la stempu, sarafu na noti za zamani! Nina diploma ya utunzaji wa nyaraka, ingawa mpaka leo kitu ninachokitunza zaidi pale ni vumbi.

"Ipeleke kwa bosi wako," Shangazi akasema. "Kama kaichonga mwenyewe, hakuna ndoa. Siwezi kuolewa na uongo mara ya pili. Na Kalenda usimwambie."

Kumwambia? Nilishaishika bahasha.

Bosi wangu ni mzee mkavu, anazungumza na noti kuliko anavyozungumza na watu. Akaishika kwa kibanio, akavuta lenzi.

"Imetoka wapi?"

"Kwa mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu tu, bosi."

Akaniangalia mimi kwa ile lenzi, jicho kubwa kama sahani. Halafu akachukua karatasi ya kufungia vifurushi, akakunja pembe yake kwa ndani, akachora jua kubwa lililopita juu ya mkunjo, akachukua mkasi na kunyoosha ukingo karatasi ikiwa bado imekunjwa.

"Ikunjue."

Nikaikunjua. Pembe ikawa nyeupe. Kipande cha jua kikawa kimehamia nyuma. Na ile pembe ikachomoza nje ya ukingo, imejitokeza kama sikio la mbuzi.

"Umeona? Karatasi ikijikunja mtamboni, wino unaangukia kwenye mkunjo, kisha kisu kinapita bila kuigusa pembe iliyojikunja. Kwa hiyo kosa la kweli lina sikio. Mtu anaweza kufuta wino kwa dawa. Anaweza kugonga picha upya mgongoni, akiwa na mashine. Lakini karatasi haiongezeki. Sikio hawezi kulitengeneza."

Sote wawili tukaiangalia noti ya Shangazi. Pembe yake imenyooka tii. Sikio hakuna.

"Na hapa pamepita mkasi," akasema, pua karibu iguse meza. "Kisu cha kiwandani hakikati hivi."

Akazima taa ya dukani, akawasha ile taa ya buluu ya kukagulia noti. Mnajua, karatasi ya noti haiwaki chini ya ile taa, inakaa kimya. Hii ikawaka! Mbele na nyuma, inang'aa kama shati la shule siku ya kufungua.

"Imeoshwa," bosi akasema. "Wanaofuta wino huosha. Ila ajabu, anayetaka kufuta pembe angeosha pembe tu. Hii imeoga yote."

"Kwa hiyo ya kughushi!"

"Sijasema hivyo. Nimesema imeguswa. Muulize aliyeigusa."

Hilo la mwisho aliuambia mlango, mimi nilishatoka.

Jioni Kalenda akaitwa. Shangazi alimkalisha kwenye kiti cha wateja, kile chenye mto mnene, yeye akabaki nyuma ya cherehani kama yuko kaunta ya polisi. Mimi nikasimama karibu na mlango, ili asije akatukimbia. Tulishakubaliana tusimwonyeshe tunachokijua.

"Bwana Kalenda," nikaanza, sauti tamu kama sharubati. "Hivi ulijuaje kwamba ile noti ni kosa la kweli, si mchezo wa mtu?"

Akacheka mapema, kama kawaida yake. "Si kwa lile sikio!"

Nikaganda. Shangazi akanikata jicho.

"Sikio gani?" akamuuliza.

"Lililotokeza pembeni. Fundi wangu, mimi karatasi zinanijikunjia kila siku. Nilipoliona tu nikajua, hiki si kitu cha kuchonga."

Shangazi akaiweka noti mezani. "Nionyeshe."

Kalenda akaigeuza. Akaigeuza tena. Kicheko kikaondoka usoni kama kimeitwa mahali pengine.

"Liko wapi?"

"Sisi ndio tunakuuliza," nikadakia. "Umejifunza vizuri kweli, kila kitu unakijua. Umesahau tu kulitengeneza."

"We mtoto, una nini na mimi?"

"Nina diploma."

"Nilimpa likiwa na sikio lake!"

"Na kuoshwa je? Taa imeonyesha imeoshwa!"

Hapo akainuka. Hakuja kwangu, alimgeukia Shangazi, mkono ameunyoosha kuomba. "Fundi, unaniona mimi mhuni?"

Macho ya Shangazi yalishajaa. "Bahasha yako hiyo," akasema, "na mlango ule..." Na huku anasema, bila hata kutazama, mkono wake wa kulia ukapanda shingoni, ukashika mkasi, kacha! Ukakata uzi uliokuwa unaning'inia kwenye mkono wa shati la Kalenda. "...unaujua."

Mimi nikauangalia ule mkasi. Shangazi yangu, jamani, ameshamkata uzi daktari akiwa anampima presha. Nikakumbuka na ile noti ilivyong'aa kama shati la shule.

"Shangazi. Noti ulipoipokea, uliifanya nini?"

"Sikuifanya chochote."

"Chochote kabisa?"

"Niliifuta tu. Imepita mikono ya watu, nani anajua walishika nini. Sabuni kidogo, ile ya mashati meupe. Nikaipiga pasi juu ya kitambaa."

"Halafu?"

"Halafu nikairudisha kwenye bahasha, ikagoma, kulikuwa na kapembe kametokeza, nikaka..."

Akautazama mkono wake kama mkono wa jirani.

Kalenda akajibwaga kwenye kiti. "Umelikata sikio."

"Lilikuwa halijanyooka!" Shangazi akalia.

"Vipande unatupa wapi?" nikauliza, ingawa jibu nalijua tangu utoto. Shangazi hatupi kipande. Anajazia mito. Sote watatu tukautazama ule mto mnene aliokalia Kalenda.

"Inuka, mjomba," nikasema. Neno lilitoka lenyewe.

Tukaupasua sakafuni. Vitambaa, nyuzi, lebo za kola za watu, vumbi mpaka tunapiga chafya. Kalenda ndiye aliyeliona. Pembe ndogo ya karatasi, upande mmoja mweupe, upande wa pili una ncha ya picha na tarakimu ya mwisho. Akaisogeza mgongoni mwa noti. Mstari ukapokea mstari, namba ikakamilika kichwa chini. Hata mimi niliyetaka kuona kasoro sikuiona.

Nilidhani watakumbatiana. Wapi! Kalenda alibaki amepiga magoti pale kwenye matambara.

"Noti si kitu," akasema. "Lakini ungeniuliza mimi kwanza."

"Yule wa kwanza nilimuuliza," Shangazi akasema. "Alijibu vizuri sana."

Mimi nikajifanya nakusanya nyuzi. Nilikuwa naogopa, kweli, naogopa Kalenda akisimama ataondoka, maana mlango nilishauacha wazi na sasa nilitamani niubane kwa mgongo.

Akasimama. Akajikung'uta magoti. "Sasa hata wanunuzi hawataitaka, imekatwa."

"Nani alikwambia inauzwa?" Shangazi akavua mkasi shingoni, akamvisha yeye. "Kaa nao wewe. Mimi mikono yangu inatangulia akili."

Yule bwana akabaki na mkasi kifuani, hajui acheke au aondoke. Na palepale, Mungu wangu, kwenye kola yake, chini ya sikio la kushoto, kuna uzi. Mrefu! Vidole vya Shangazi vikaanza kucheza juu ya meza. Akavikunja. Akaketi, akavikalia.

"Kuna uzi hapo shingoni," akasema, taratibu. "Nikate?"

Safari hii Kalenda hakutanguliza kicheko. Akauvua mkasi, akamkabidhi, akainamisha shingo.