Ufunguo wa Dirisha la Nyuma

Wezi waliingia kwa dirisha la chumba cha nyuma, wala hawakutoka jasho. Grili ya zamani ilikuwa imepigiliwa kwenye fremu ya mbao, na fremu yenyewe ilishikiliwa na plasta na dua. Waling'oa vyote, wakaviegemeza ukutani kwa adabu, wakaondoka na cherehani moja kati ya tatu. Mtaa mzima ulimwita mwenye mali hiyo Mama Cherehani. Mtaa mzima ulijua pia kwamba mwanawe wa kiume, aliyefungwa kwa kuvunja duka, alikuwa anatoka Jumamosi. Kwa hiyo safari hii si yeye, watu walisema, na wengine walisema kama waliopunjwa.

Mama Cherehani alikwenda karakana ya fundi wa kuchomelea pamoja na binti yake mkubwa, ambaye mdomo wake haukulala.

"Hii inaingia ukutani, mama," fundi alisema, akigonga grili ya nondo nene. "Tunachimba, tunazika miguu yake kwenye zege, ndipo tunapiga plasta. Anayeitaka aibebe na nyumba."

Kisha akawaonyesha kioo cha tabaka mbili zilizobana plastiki katikati. Akakipiga nyundo, kikajaa nyufa lakini hakikumwagika. Mama Cherehani akaomba nyundo, akakipiga mwenyewe, akaongeza mapigo mawili ambayo hayakuhitajika. Roho yake ikatulia kidogo.

"Chumbani humo analala mtu?" fundi aliuliza.

"Kuna cherehani na vitambaa."

"Nauliza mtu, mama."

Mama Cherehani akajitia kupima nondo kwa vidole. Binti ndiye aliyejibu: "Atalala mdogo wangu."

"Basi lazima grili iwe na sehemu inayofunguka. Bawaba na kufuli vikae ndani. Vitambaa vikishika moto upande wa mlango, huyo kijana atapitia wapi? Na ufunguo ukae humohumo, karibu na kitanda, mahali ambapo mkono wa mtu aliye nje haufiki."

Njiani binti alianza. "Ufunguo ukae kwako, mama. Mtu kafungwa kwa sababu ya dirisha, sisi tumkabidhi dirisha?"

"Hebu funga domo lako. Huyo ni nduguyo."

Lakini Ijumaa, fundi alipomaliza kazi na kumpa ufunguo, Mama Cherehani aliufunga kwenye pindo la khanga yake, fundo juu ya fundo.

Mwanawe alifika Jumamosi alasiri, amekonda, na mfuko mmoja wa plastiki. Alipoingia chumba cha nyuma alikwenda moja kwa moja dirishani. Akaitikisa grili, isicheze.

"Kazi safi," alisema. Kisha akalishika kufuli. "Ufunguo uko wapi, mama?"

"Ninao."

Akaliachia kufuli. "Sawa."

Walikula, dada akauliza maswali yote yasiyofaa, akaaga kwenda kwa mumewe. Mama Cherehani alipotoka kuosha vyombo akamkuta kijana anaburuta godoro kuelekea sebuleni.

"Humo kuna joto?"

"Hapana."

"Sasa?"

Akanyoosha shuka vizuri kabla ya kujibu. "Miaka miwili nimelala chumba ambacho ufunguo wake anao mtu mwingine. Sitaki ugomvi, mama. Hapa pananitosha."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira, mama yake angejua la kumjibu. Aliona haya, haya za kuwaka masikioni. Akakaa kwenye kiti, akalifungua lile fundo kwa meno, maana alikuwa amelikaza mno. Akachukua msumari, akaupigilia ukutani kando ya kitanda kwa kisigino cha kiatu, akautundika ufunguo.

"Rudisha godoro," alisema. "Na taa uzime, umeme si wa babako."

Asubuhi alimpelekea chai. Chumba kilikuwa kitupu. Grili wazi, dirisha wazi, pazia linapepea. Kabla hajawaza lolote macho yake yalikuwa yameshakwenda kwenye cherehani.

Zilikuwepo zote mbili.

Alipoinua uso, mwanawe alikuwa amesimama nje ya dirisha, ana kitambaa kilicholowa mkononi, anasugua matone ya saruji ambayo fundi aliyaacha kwenye kioo. Alikuwa amemwona mama yake. Alikuwa ameona kila kitu.

"Zipo, mama," alisema.

Mama Cherehani alikuwa na akiba kubwa ya uongo, ile anayowapa wateja ambao nguo zao hazijaguswa. Angeweza kusema alikuwa anatafuta uzi.

"Nimehesabu," alisema. "Nisamehe."

Kijana akakamua kitambaa, akakikung'uta. Kisha akaingiza mkono dirishani, akauchomoa ufunguo kwenye kufuli, akamnyooshea. "Kaa nao tu. Mpaka utakapozoea."

Mama akavikunja vidole vya mwanawe juu ya ufunguo, akausukuma mkono ule nje, na katika mkono wa pili akamtilia kikombe.

"Kunywa chai, inapoa. Ufunguo una msumari wake."

Akavuta kiti, akakaa kwenye cherehani akilipa mgongo dirisha lililo wazi, akaanza kushona.