Swali la Usalama la Gashe Fikadu

Katika ukoo wetu hakuna aliyelinda siri zake kwa bidii kama mjomba wangu, Gashe Fikadu, na hakuna ambaye siri zake zilijulikana zaidi. Nayasema haya kwa heshima zote, pamoja na ile ya kumwita mwanamume aliyekuzidi umri Gashe, na mwanamke Etye.

Alipouza Lada yake kuukuu na kununua gari la umeme kutoka China, mtaa wetu wote hapa Addis Ababa ulikuja kunywa kahawa na kutoa hukumu. Jirani mmoja alisema gari lisilonguruma ni kama mbwa asiyebweka. Mwingine akauliza umeme ukikatika nani atasukuma.

"Umeme si shida," alisema Gashe. "Shida ni masikio. Hili gari linasikia kila kitu. Nikikohoa hapa, kiwandani China wanajua."

"Basi watume na dawa," alisema mkewe, Etye Alganesh, huku akimimina kikombe cha pili.

Gashe alibandika plasta juu ya kamera ya ndani. Namba ya siri ya kuwashia gari aliibadilisha kila Jumapili akitoka kanisani. Ukipanda naye, mlinong'ona njia nzima kama watu waliotoka kuiba kuku. Mimi nasoma shule ya bweni, ambako siri husafiri kutoka kitanda cha juu hadi cha chini kabla taa hazijazimwa, kwa hiyo juhudi zake zilinigusa sana.

Ikafika harusi ya Meklit, binti yake wa pekee. Gashe alikuwa amemwahidi kwamba atatoka nyumbani kwa gari la baba yake. Lakini Henok, mpambe mkuu wa bwana harusi, alikuwa amekodi limuzini nyeupe, ndefu kama foleni ya benki, na hakuficha maoni yake.

"Lile la mzee ni la kuchezea watoto," alisema. "Likigoma, yangu ipo."

"Natoka na baba," alijibu Meklit, na maneno yakaishia hapo.

Asubuhi ya harusi, upande wa bwana harusi ulifika getini, nasi ndugu wa bibi harusi tukawazuia kwa nyimbo, kama ada inavyotaka. Humfungulii mtu mpaka abembeleze na kutoka jasho. Gashe akaingia kwenye gari lililopambwa maua ili aliwashe. Kioo cha kugusa kando ya usukani kikamwomba namba ya siri. Papo hapo mpiga video akaingiza kamera yake dirishani.

Gashe akashtuka. Akavuta shali lake jeupe, akafunika kioo, mkono na kichwa chake mwenyewe, akabonyeza namba gizani. Akakosea. Akabonyeza tena, akakosea. Mara ya tatu gari likajifunga, likamwelekeza apige simu ofisi ya waliomuuzia.

"Baba, vipi?" aliita Meklit kutoka mlangoni, pindo la gauni mkononi.

"Hakuna kitu, mwanangu!" Kisha akanigeukia. "Tsion, kimbia getini. Wasifungue!"

Nilikimbia. Anayeongoza nyimbo alikuwa Etye Yeshimebet, mpishi mkuu wa harusi zote za mtaa, mwiko mkononi.

"Tuimbe mpaka lini, we mtoto?"

"Mpaka Gashe apatane na China."

Niliporudi, alikuwa anapiga simu ofisini huku bado akishikilia shali, basi nikamshikia simu. Nikaiweka kwenye spika, kwa manufaa ya umma.

"Baba," alisema binti wa ofisini, "ili tuhakikishe ni wewe, jibu swali la usalama ulilochagua mwenyewe. Msichana wa kwanza uliyempenda anaitwa nani?"

Gashe aliitazama simu kama nyoka. "Niulize jina la mama yangu."

"Hilo ulilikataa, baba. Uliandika kwamba kila mtu analijua."

Akanong'ona kitu.

"Sikusikii, baba. Huko kuna kelele."

Mimi ni mtoto wa kusaidia wakubwa. Nikapanda juu ya kiti. "Nyamazeni jamani! Gashe ana neno!"

Nyimbo zikakatika. Henok akachungulia juu ya geti. "Limuzini iko tayari, Gashe!"

Meklit akasogea, machozi yakimlengalenga. "Acha tu, baba. Nitapanda ile."

Hapo Gashe akafumba macho, akajaza kifua, akapiga kelele:

"Yeshimebet!"

Kuku wa jirani walinyamaza. Mwiko ulisimama hewani. Etye Alganesh akashika kiuno.

"Ndiyo siri yenyewe? Fikadu! Mimi nilijua kabla hujanioa. Dada yako aliniambia."

Dada yake ni mama yangu. Kipaji hiki ni cha urithi.

"Na msinilaumu kwa kumkataa," alisema Etye Yeshimebet. "Alikuwa hana gari!"

Ua mzima ulilipuka kwa kicheko. Hata binti wa ofisini alicheka mpaka akakohoa. "Asante, baba, imethibitishwa," alisema, na kioo kikawaka. Gashe akapiga honi ndefu, geti likafunguliwa, vigelegele vikapanda.

"Henok mwanangu," aliita Etye Alganesh, "hiyo yako ni ndefu, itatubebea masufuria."

Meklit alimkumbatia baba yake shingoni kwa nguvu, vipodozi vyake vikabaki kwenye shati jeupe la mzee. Kisha akaingia nyuma na bwana harusi wake. Etye Alganesh akafungua mlango wa mbele, akamwashiria rafiki yake kwa kidole.

"Ingia tubanane, Yeshi. Sasa analo."