Kinga Nyeupe za Bibi Harusi

Tope la kwenye kinga nyeupe linaachwa likauke kwanza. Ukiliwahi likiwa bichi unalisukumia ndani ya nyuzi, na hapo hata ulie halitoki. Likishakauka unaligonga, unalipiga brashi, halafu unafunga mikanda ya kunata ili isidake manyoya ndani ya maji. Maji yawe ya baridi, sabuni iwe ile ya kuogeshea watoto. Dawa ya kung'arishia mashuka weka mbali, inakula mshono na kumchoma farasi ngozi. Zianike kivulini. Jua linageuza nyeupe ikawa rangi ya meno ya mvuta sigara.

Haya namwambia kila anayeingia stoo yangu. Mimi ni mtunza stoo wa shule ya kupanda farasi, nina diploma ya ugavi, na wanaonicheka kwamba nilisoma ili nikafue soksi za farasi ndio wa kwanza kuja kuuliza kwa nini za kwao zimechanika. Kucheka si bure, kinga zenyewe zinafanana na soksi ngumu. Zinavishwa miguu ya mbele, chini ya goti, ili farasi akiruka ukwato wa mguu mmoja usiukate mwingine. Farasi wetu wote walivaa nyeusi isipokuwa mmoja, jike mzee wa rangi ya majivu. Kwa ajili ya kinga zake nyeupe tulimwita Bibi Harusi.

Aliyempanda ni binti yangu.

Nina mtoto huyo mmoja. Si mtoto wa maneno mengi. Shuleni walimu walikuwa wananiita kuniuliza kama nyumbani kuna tatizo, na mimi nawajibu tatizo ni kwamba hana la kuwaambia. Kwa Bibi Harusi alikuwa nalo. Nikipita nje ya banda namsikia anamsimulia mambo ambayo mimi mama yake nilikuwa nayasikia hapo kwa mara ya kwanza, nami nasimama na ndoo yangu, nasikiliza, kisha naondoka kimyakimya.

Msimu ulipokaribia, Tajiri, mwenye shule, alitukusanya uwanjani akatangaza kwamba majani yamepanda bei na farasi asiyeingia mashindanoni mwaka huu ataondoka. Kwa farasi kijana, kuondoka maana yake ni kuuzwa. Kwa Bibi Harusi, ambaye hakuna mtu angemtaka, kila mmoja alijua maana yake na hakuna aliyeitamka. Binti yangu alitazama chini. Kisha akaenda kumtandika.

Siku chache baadaye alianza kuzifua kinga mwenyewe.

"Leo umeugua?" nilimuuliza.

"Nakusaidia tu, Mama."

Shemeji, mtunza farasi wetu, alikuwa mlangoni akijikuna kifua. Huyu anaita kila mwanamke shemeji, basi na sisi tukamgeuzia jina hilohilo. "Shemeji, shukuru. Wangu nyumbani hata kikombe alichonywea mwenyewe hakioshi."

Nikashukuru. Kwa kweli nilifurahi. Nilidhani mtoto amekua. Mtu mwenye kazi nyingi hapekui fadhila anayofanyiwa, anaipokea na kwenda kuhesabu hatamu zake.

Lakini mkono wangu unajua kinga kama unavyojua mfuko wangu wa nguo. Siku moja nilizichukua kwenye kamba ili nizipange, nikahisi bitana ya ndani imekakamaa kama mkate wa juzi. Hiyo ni kazi ya maji ya moto. Damu ikanipanda. Niliibeba jozi nzima mpaka bandani, alikokuwa anachana mkia.

"Umezipikia chai hizi? Mara ngapi nimekwambia maji ya baridi?"

"Zilikuwa chafu sana."

"Uchafu gani ambao maji ya baridi hayatoi?"

Nikainua kinga ya kushoto nimwonyeshe uharibifu wake, na hapo nikanusa. Chini ya harufu ya sabuni kulikuwa na dawa ya kuchulia, ile kali ya wazee wenye magoti mabovu. Nikaitazama vizuri. Ncha ya mkanda, kila siku ikifungwa, inatua mahali palepale, na kwenye kitu cheupe inachora mstari hafifu wa kijivu usiotoka kwa sabuni yoyote. Ya kulia ilikuwa na mstari mmoja. Ya kushoto ilikuwa na miwili. Ule mpya ulikuwa umerudi nyuma upana wa kidole changu kizima.

Mkanda haufiki ulipokuwa unafika. Mguu umenenepa.

Niliingia ndani na kupiga goti. Binti akasema, "Mama, usimguse," lakini nilikuwa nimeshagusa. Nyuma ya mguu, palipotakiwa kuwa pakavu na pagumu kama kamba iliyovutwa, palikuwa pamejaa na pana moto. Bibi Harusi akauinua ukwato na kuushikilia hewani. Hakunipiga teke. Aliushikilia tu, kwa adabu.

"Tangu lini?"

"Anachechemea asubuhi peke yake. Akipata joto anakaa sawa."

"Nimekuuliza tangu lini."

"Tangu Tajiri aliposema vile."

Nilikaa chini kwenye majani makavu. Kumbe kabla sijafika kazini alikuwa anakuja kumchua, anamtembeza mpaka mguu ulegee, anamvisha kinga zinazong'aa, na kocha wetu wa kuruka akitazama anaona weupe mtupu. Jioni anafua ili mimi nisinuse. Nilimfundisha mwenyewe kufua kitu mpaka mtu asijue kimepita wapi.

"Mashindano yakipita atapumzika," alisema. "Ni mara moja tu, Mama. Akishaingia, Tajiri hana neno."

"Na akivunjika juu ya kizuizi, wewe ukiwa mgongoni?"

"Hawezi kunifanyia hivyo."

"Yeye hapangi, mwanangu! Mguu ndio unapanga."

"Ukisema watamwua." Alishika mkono wangu wenye kinga, akaukaza. Alikuwa hajanishika hivyo tangu alipokuwa anajifunza kutembea. "Mama. Ukisema, watamwua."

Alikuwa anasema kweli. Nikautoa mkono taratibu. Nikaenda kumwita Shemeji, na Shemeji akamwita daktari wa mifugo. Ningefanya hivyo tena kesho. Sina mtoto mwingine.

Daktari alikuja mchana, mtu mpole mwenye viatu vya mpira. Alimpapasa Bibi Harusi muda mrefu, akampitishia chombo chake chenye kioo kinachoonyesha ndani ya mguu, akamwomba Shemeji amtembeze kwenye sakafu ngumu. Kwenye sakafu ngumu, bila kuchuliwa na bila kinga, hata mtoto mchanga angeona.

"Kano imechanika," daktari alisema. "Si leo. Ilianza ndogo, akaendelea kurukishwa juu yake."

Nikajua anachotaka kusema. Nilimtolea macho, nikatikisa kichwa, nikafanya kila ishara ambayo mwanamke anaweza kufanya bila kufungua mdomo. Yeye alikuwa anaangalia kioo chake.

"Angepumzishwa mapema, mwanzoni kabisa, angepona. Asingeruka tena, lakini angetembea malishoni miaka mingi."

Binti yangu hakulia. Alifungua mdomo kidogo, kama mtu aliyesikia anaitwa kutoka mbali, akaufunga.

"Na sasa?" aliuliza Tajiri, aliyekuwa amesimama nyuma yetu.

"Sasa ni maumivu kila anapokanyaga. Naweza kumpunguzia. Siwezi kumponya."

Tajiri si mtu katili, ningependa awe, ingenirahisishia. Alivua kofia yake. "Hapa si hospitali," alisema, tena kwa sauti ya chini. "Ifanyike kesho, kabla wanafunzi hawajaja."

Nyumbani niliweka chakula mezani, kikapoa. Nilimwambia asiende kesho. Akaniambia ataenda. Nilimwambia hakukusudia. Akaniambia, "Nilimfinyia mkanda, Mama. Uvimbe ulikuwa unaonekana, nikaufinya." Nina maneno mengi mimi, watu wanalijua hilo. Siku ile nilipangusa meza.

Asubuhi alimvisha zile kinga nyeupe. Shemeji alisema hazina haja, ni mwendo wa kutoka bandani hadi nyuma ya ghala tu. Binti akaendelea kufunga, safari hii kwa ulegevu, kidole kikipita chini ya kila mkanda. Mvua ilikuwa imenyesha na njia ilikuwa tope tupu. Alimwongoza mwenyewe, anamnong'oneza, Bibi Harusi akichechemea na sikio moja limemgeukia. Daktari aliwatangulia. Mimi nilibaki kwenye kona ya ghala kwa sababu binti aliniambia nibaki.

Sitasimulia yaliyobaki. Ilikuwa haraka, daktari anaijua kazi yake.

Binti alitoka pale akanipita, akaenda kukaa katika banda tupu, akafunga komeo kwa ndani. Nilimpelekea maji, hakufungua. Nilimpelekea sweta, nikaliacha juu ya mlango.

Shemeji alikuja stoo macho mekundu. Hakuniita shemeji. Aliweka kinga juu ya meza. "Hizi hapa," alisema, "nimezivua mimi," akaondoka.

Mtu anifahamishe nilipaswa kufanya nini na mikono yangu ile. Kulikuwa na masomo ya mchana, kulikuwa na farasi wa kutandikwa. Tope lilipokauka nililigonga. Nikapiga brashi. Nikachomoa manyoya kutoka kwenye mikanda kwa mswaki wangu wa zamani, moja baada ya jingine, mpaka mikanda ikawa kama ya dukani. Nikafua kwa maji ya baridi, nikasuuza, nikamwaga. Bitana iliyokakamaa nilikuwa naibonyezabonyeza kwa vidole gumba mpaka ikalainika. Niliifanya vizuri kuliko nilivyowahi kuifanya. Nikazianika kivulini, na kwa mara ya kwanza siku hiyo kifua kikaniachia kidogo.

Jioni mlango wa stoo ulifunguka. Binti yangu alisimama pale, majani yamemshika kwenye nywele, mkononi ana mfuko mdogo wa kitambaa aliokuwa anawekea vifungo vyake.

"Mama, Shemeji amesema kinga unazo."

"Ninazo."

"Sitaki zote. Nataka manyoya yake tu, yale ya ndani. Mkia wamemfukia nao, na banda walikuwa wameshalifagia na kuweka majani mapya." Akafungua mfuko. "Kwenye mikanda huwa yanabaki mengi."

Alifuata macho yangu hadi kwenye kamba.

Zilikuwa zinaning'inia pale, nyeupe, hazina hata unyoya mmoja. Alizishusha. Akafungua mkanda wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akaingiza pua ndani ya bitana, akaitoa.

"Sabuni," alisema.

"Mwanangu..."

Nilikimbilia sinki. Niliingiza vidole kwenye kichujio, nikatoa fundo la manyoya, limelowa, nikalichambua juu ya meza chini ya taa. Meusi, ya kahawia, mekundu, ya kijivu. Katika sinki ile nafulia vifaa vya farasi wote, na wa kijivu tunao wawili wengine. Niliutenga unyoya mmoja. Nikaweka mwingine kando yake.

"Huu," nilisema. "Nadhani huu."

"Nadhani haitoshi, Mama."

Alikunja mfuko wake mtupu, akautia mfukoni. Akachukua zile kinga, akazifunga mikanda kama nilivyomfundisha, akaziweka kwenye rafu pamoja na nyingine, ya kushoto kushoto, ya kulia kulia. Bado ni nzima kabisa. Kwa jinsi zilivyotunzwa, zitavaliwa na farasi wengi bado.

Alitoka bila kunisubiri. Nikabaki na manyoya yangu chini ya taa, naendelea kuyatenga.