Muujiza Anaugua Saa Ngapi

...isiwe mimi, Baba, mpe yule mchungaji wa mashairi, mpe yeyote, aliomba mwandishi kimoyomoyo huku meno yote nje, maana kamera ilikuwa inapita safu ya mbele, na jukwaani mshehereshaji bado anahangaika na bahasha, gundi imeshika kwelikweli, "Jamani, bahasha hii imeokoka, haimfungukii mtu ovyo!" ukumbi ukaangua kicheko, mama yake naye akacheka kidogo, kwa adabu, mkoba ameupakata, na katikati yao kile kiti kitupu chenye utepe mweupe na kadi imeandikwa MUUJIZA, "Naona Muujiza wetu hajafika, foleni tu hizo, anakuja!" anakuja, anakuja kutoka wapi, Mungu wangu... tuzo hii ya vitabu vya imani ina utaratibu wake, kwenye kundi la ushuhuda mshindi hapandi peke yake, anapanda na yule aliyeandikwa habari zake, watu wamwone kwa macho, na binti wa ofisi ya tuzo alipopiga simu kuuliza, dada, mdogo wako atakuja, yeye alimjibu Mungu akipenda, hivyo hivyo, Mungu akipenda, na mtu ameshazikwa, ulimi ulijiendea wenyewe, na kule upande wa pili binti wa watu akafurahi, akaenda kutafuta utepe.

Wala hakuwa anaitwa Muujiza, ni wasomaji waliompa jina hilo, kitabu kilipotoka na picha yake kwenye jalada, kichwa nyuma, anacheka, na haikuwa uongo, siku mwandishi anaandika ule ukurasa wa mwisho haikuwa uongo, daktari alisema kwa kinywa chake uvimbe wa titi hauonekani tena, walilia wote watatu pale koridoni, nani angengoja, ungengoja mpaka lini... basi wakaanza kuitwa, leo kanisa hili kesho lile, "Muujiza, inuka wakuone!" na mdogo wake anainuka, anapunga mkono, mpaka asubuhi ile jikoni alipotaka kuteremsha sufuria kutoka kwenye rafu, mkono ukagoma, ukaishia begani, "Una nini wewe?" "Nimeulalia vibaya, dada, hebu niache," na yeye akamwacha! akamwacha kweli, kwa sababu ilikuwa Jumapili na walikuwa wanasubiriwa mahali, gari liko nje, akamwambia vaa upesi... laiti angemvua ile blauzi palepale, laiti angemfokea kama zamani wakiwa wadogo, lakini ni nani anayemfokea mtu wa kwenye jalada, halafu kile kitanda cha hospitali, mashavu yamekwisha, "Mbona hukusema, mdogo wangu?" na yule mtundu, hata pale, akataka kucheka, "Ningesemaje, dada, na kitabu kiko madukani? Mtu akiitwa Muujiza anaugua saa ngapi?"

Anaugua saa ngapi, anaugua saa ngapi, hata sasa sauti ile ile, hapa hapa, kwenye kiti kile, akigeuka tu atamwona amekunja nne anawasengenya majaji... "Tusimwaibishe Mungu, mwanangu," mama alisema wakikunja nguo za marehemu, "wapo wanaokishikilia kile kitabu," wakazika kimya kimya huko kwao mama, mchapishaji hakuambiwa, na mwandishi hakubisha, alichoka, na kusema kweli aliona aibu, aliona aibu mbele ya kitabu chake mwenyewe... isiwe mimi, Baba, nitalipandaje lile jukwaa peke yangu... "Nani ana mkasi?" anauliza mshehereshaji, kicheko tena, na mtu akamgusa begani kutoka nyuma, dada mmoja mnene, uso umejaa furaha, "Samahani, ni wewe, eh? Siamini! Mama yangu analala na kitabu chako chini ya mto," asante, akasema mwandishi, asante sana, ndivyo tunavyosema, "yaani kimemwinua! Anaumwa titi kama mdogo wako. Hospitali ameacha, dawa ametupa, anasema Muujiza alipona na mimi nimepona, kilichobaki ni kuamini tu," na anacheka, Mungu wangu, anacheka kwa shukrani.

Huyo mwingine sasa, yuko chumbani kwake anauma shuka ili mtu asimsikie, anajua, wanajua wote, mwili haudanganyiki, anaogopa tu kuwaangusha watu, kama yule, kama yule... mama yake akamfinya kiganja, amesikia, anamfinya nyamaza, nyamaza mwanangu, na Mungu gani huyo anayeaibika mtu akienda hospitali, nani alitufundisha hivyo, mimi, ni mimi niliyewafundisha, kwa kurasa nzuri... "Mama yako ana simu?" "Anayo." "Mpigie. Sasa hivi, usingoje." "Kuna nini, dada?" "Mdogo wangu amekufa," akasema, wala si kwa kunong'ona, "ugonjwa ulirudi, akauficha asituharibie kitabu, akafa. Mwambie arudi hospitali leo," mama yake akasema mwanangu, basi, mwanangu, na safu nzima ikageuka, na jukwaani mkasi bado haujapatikana, na mwandishi akajishangaa anaomba kwa nguvu zake zote lisomwe jina lake, apewe kile kipaza sauti hata kwa dakika moja, na nyuma yake yule dada ameshika simu sikioni, inaita, inaita, haipokelewi.