Kabati la Mbaruku

Hii ni kweli tupu, wanangu. Nikiongeza hata chumvi ya kunyunyizia muhogo, ulimi wangu na unikaukie hapa hapa Msimbazi.

Mwaka wa hamsini na nne, miaka minne iliyopita, Anaeli alikuwa darasa la kumi katika shule moja ya Waafrika mjini; jina lake silitaji. Alikuja kutoka Machame na mashati mawili. Alfajiri alishusha magunia ya vitunguu sokoni Kariakoo, saa moja unusu yumo darasani, anasomea umeme ubaoni. Waya wa chaki, betri ya chaki, kengele ya chaki. Vifaa vyenyewe vilikuwa vipya, nyuma ya kioo cha kabati, na ufunguo ulining'inia shingoni mwa Mbaruku, karani wa stoo.

"Shikamoo, mzee. Tufungulie tujaribu. Ijumaa Mkaguzi anachagua mmoja wa kusomea ufundi wa simu."

"Marahaba. Ukivunja utalipa nini? Kitunguu?"

Mbaruku hakulinda vifaa, alilinda hesabu. Kila mwaka Mkaguzi huvihesabu, na visipopungua karani huandikiwa barua ya sifa. Basi miaka mitatu hakuna aliyegusa kitu.

Anaeli akaenda kwa Hasmukh, fundi redio wa mtaa huu. Akamfagilia duka, naye Hasmukh akamfundisha.

"Betri ikikaa ndani miaka inaoza, bhai. Inatoa maji, inakula chuma."

Anaeli akalifikiria lile kabati. Hakumwambia mtu.

Ijumaa yule Mkaguzi, Mzungu, akaketi, soksi mpaka magotini. "Nataka kusikia kengele ikilia."

Mbaruku akaitoa, akabonyeza swichi. Kimya. Akabonyeza tena, akaitikisa. Uchafu wa kijani ukamwagikia suruali yake nyeupe.

"Anaeli, mwanangu," akanong'ona, "wewe unashinda kwa yule Mhindi. Iunge, nisitiri."

Mfukoni Anaeli alikuwa na betri mbili mpya.

"Nikivunja, mzee, nitalipa nini?"

Akamwacha alowe jasho mpaka kola ikalegea. Ndipo akasogea, akakwangua uchafu kwa ukucha, akaunga. Lo! Kengele ililia mpaka wachuuzi wa samaki Kivukoni wakadhani mnada umefunguliwa. Mbaruku akafukuzwa kazi palepale, na Anaeli...

"Mzee Pantaleo."

Nikageuka. Anaeli mwenyewe, mlangoni kwa Hasmukh, bisibisi mkononi. Wale wanafunzi wanne niliokuwa nikiwasimulia, anaowafundisha hapa benchini kila Jumamosi, wakamtazama yeye.

"Kengele haikulia," akawaambia. "Betri nilikuwa nazo, nikaacha mikono mfukoni. Nilitaka aaibike. Mkaguzi akacheka, akaandika kwamba Waafrika bado hawajawa tayari kwa vifaa. Kabati likachukuliwa na lori. Hakuchaguliwa mtu mwaka ule, wala uliofuata."

"Na Mbaruku?" akauliza Celina, mmoja wa wale wanne.

"Hesabu ilitimia. Walimpa stoo kubwa zaidi, kule Posta." Akafuta bisibisi kwa kitambaa, taratibu. "Sijamsamehe. Ndiyo maana mko hapa. Nataka siku moja asimame mbele ya mmoja wenu, aombe kuungiwa simu. Aambiwe angoje."

"Angoje mpaka lini, kaka?"

"Wewe ndiye utakayeamua. Shika waya."

Benchi hili lina sheria: anayewadanganya wanafunzi hutoa betri ya kujifunzia. Anaeli akakinga kiganja. Nikaingia kwa Hasmukh, nikanunua moja.

"Hii ya kengele," akasema. "Bado ya wachuuzi wa Kivukoni."

Nikaleta ya pili. Kiganja kikabaki wazi.

"Ya nini tena, bwana?"

"Mbaruku kufukuzwa."

Hiyo niliibishia. Nilibisha mpaka Hasmukh akaanza kufunga milango ya duka, ndipo nikatoa ya tatu.