Wingu la Nyumbani kwa Launa

Gibe aliwatangazia wanawake wa kanisani kwamba kwa miaka ishirini na sita ya ndoa hajawahi kusema uongo. Kisha akasema lile la nguruwe wa shemeji yake lisihesabiwe, wala lile la umri wake, na wenzake wakamwambia akae chini kabla hajamaliza vidole vya kuhesabia.

Mumewe, Launa, ndiye aliyekuwa mtu wa redio katika kiwanja cha ndege cha Wamero. Ndege ndogo hupita kwenye pengo la milima, na rubani huuliza kwanza pengo likoje. Kutoka nyumbani kwa Launa, ilipo redio, pengo halionekani, kilima kimeliziba. Sharti upande mpaka kwenye mti wa mvinje ulio kilimani juu ya kiwanja, ukitumbukia matopeni hadi magotini.

Ndege ya rubani Pomat iligonga mlima Jumanne, hakupona mtu. Ndani yake alikuwamo Kusai, mdogo wake Gibe, na kikapu cha viazi vitamu. Alhamisi, wingu lililokuwa pengoni likateremka, likaingia nyumbani kwa Launa kupitia mlango wa jikoni, likakaa. Gibe alihamisha chumvi na viberiti visilowe. Majirani walisema ni kawaida ya wingu kutafuta mahali pa kukaa, wakaanza kubisha hodi kwa sauti zaidi, maana mwenye nyumba hakuonekana.

Kila siku saa tatu asubuhi, mlio wa ndege ulizunguka ndani ya wingu, karibu na paa, mdogo kama wa nyigu. Kila mara ulipokwisha, kiazi kimoja kilidondoka sakafuni. Gibe alivipanga chini ya kitanda. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kuvila. Na kila siku, saa tatu ikikaribia, alianza kuimba wimbo wa kanisani kwa nguvu zake zote, akamaliza mlio ulipokwisha. Watu walimsifu kwa imani yake.

Mama yake Gibe, Bibi Amban, alikuwa bado amejipaka udongo wa msiba. Alisema hataunawa mpaka ajue jambo moja tu: kama mkwewe alipanda mpaka mvinjeni siku ile. Kwa hiyo Vagi, mkaguzi wa ajali za ndege, alipotua kutoka pwani, bibi naye akaja, akaketi kando ya meko, ndani ya wingu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia nyumba ile tangu msiba.

"Ulikwenda kulitazama pengo?" mkaguzi aliuliza.

"Nilikwenda," alisema Launa.

"Nani alikuona?"

Launa akamtazama mkewe. Gibe alifikiria jela, akafikiria pia kaka zake na mashoka yao.

"Mimi," alisema. "Nilimwona kwa macho yangu. Alirudi na matope mpaka hapa."

Mkaguzi akaandika. Saa tatu ikafika. Gibe akafungua kinywa aimbe.

"Mama, tafadhali," mkaguzi alisema. "Naandika."

Mlio ukaanza paani.

"Wamero, Wamero," sauti ya Pomat ilisema. "Pengo likoje?"

Launa alikuwa amefumba mdomo, kikombe mkononi. Kutoka ndani ya wingu, upande wa kitandani, ikatoka sauti ya Gibe mwenyewe, ya Jumanne ile.

"Launa, amka bwana, Pomat anaita. Moshi wa jikoni umesimama wima, hewa ni nzuri. Mwambie wazi, Kusai asichelewe."

Kisha sauti ya Launa, nzito kwa usingizi: "Wazi kabisa. Natoka mvinjeni sasa hivi."

Ndege ikazunguka mara mbili, ikanyamaza. Kiazi kikaanguka miguuni pa bibi.

Mkaguzi alifuta miwani yake, akaivaa, ikaloa tena. Kwenye sehemu ya chanzo cha ajali aliandika: wingu. Akapiga muhuri, akasema kwamba rubani wake hapendi kungojeshwa.

Redio ikakoroma. Rubani wa mkaguzi alitaka kujua pengo likoje.

"Wazi kabisa," alisema Launa, bila kuinuka kwenye kigoda. "Natoka mvinjeni sasa hivi."

Pengo lilikuwa wazi kweli. Wingu lilikuwa limewakalia mapajani. Mkaguzi akaaga, akaenda zake.

Bibi Amban alikiokota kiazi, akakigeuza. Kilikuwa cha shamba lake.

"Gibe."

"Naam, mama."

"Ulimwona kwa macho yako?"

"Nilimwona, mama."

"Na matope mpaka hapa."

"Mpaka hapo, mama."

Bibi aliweka kiazi juu ya meko, akakunja mikono ya nguo yake mpaka juu ya viwiko.

"Basi niletee maji," alisema. "Ninawe udongo."